Shoti

Jina alipewa na fundi umeme wa Kibaigwa
aliyemgusa begani siku ya kwanza
akajikuta kati ya ndoo za maziwa.
"Huyu," alisema akijifuta, "ni waya ulio wazi."
Tangu hapo ni Shoti, na shoti ndio mwendo wake:
kutoka kusimama hadi upepo,
katikati hakuna kitu.

Mimi nilitoka kwenye bodaboda.
Miaka sita, Kongwa hadi Mlali,
najua gia, najua klachi,
najua pikipiki ikikasirika unazima swichi.
Nilidhani lijamu ni breki.
Nikavuta.
Kadiri nilivyovuta ndivyo alivyokimbia,
kana kwamba mkono wangu ndio uliomwambia:
kuna kitu nyuma yetu, nami nakiogopa pia.
Tuliachana kwenye uzio wa minyaa.
Yeye akaenda na tandiko,
mimi nikabaki na bega lililohama nyumba.

Mnyukwa mwenye farasi, dalali wa mnada wa ng'ombe,
mtu asiyemaliza sentensi kabla hajaanza nyingine,
alisema mpige, mfunge, mnyime pumba, muuze, nasema muuze!
Shoti akazungusha masikio
kama anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu.

Ni Sechelela, anayekamua,
aliyekikunjua kiganja changu kidole kimoja kimoja.
"Umeshika kifaranga," alisema.
"Ukibana, kinakufa. Ukiachia, kinakwenda na mwewe.
Haya, shika."
Akarudi kwa ng'ombe wake.

Tukaanza na kutembea.
Kutembea tu. Duara kulia, duara kushoto,
Julai nzima, na upepo ule wa Dodoma usio na adabu,
unaoingia jikoni bila hodi na kufunua sufuria.
Hatua kumi, simama.
Hatua nane, simama.
Hatua tatu, kanuna, anacheza ngoma papo hapo,
nami nangoja.
Mbavu zake zilinisoma mapaja
kama kipofu asomavyo kwa vidole.
Nikiwaza ada ya mtoto, anainua kichwa.
Nikimkumbuka yule aliyenitapeli pikipiki,
anaenda upandeupande kama kaa.
Sikujua kuwa hasira yangu ina uzito
hadi nilipomkalia mnyama mwenye mizani.

Basi nikajifunza kupumua.
Kazi ya ajabu, kulipwa ili upumue!
Pumzi ndefu, ishuke hadi kwenye mkanda,
kiuno kikilegea, na mgongo wake unalegea,
kama lambo linavyotulia
ng'ombe wa mwisho akishaondoka.

Septemba, nje ya geti,
kisulisuli kilitokea upande wa mtama uliovunwa,
chekundu, kirefu,
kimebeba mabua na kiroba cheupe kinachopiga kelele.
Nikahisi umeme ukikusanyika chini yangu,
kwato nne zikitafuta ardhi ya kusukuma.
Vidole vyangu vilitaka kufunga. Vilitaka sana.
Kifaranga, nikawaza. Nikatoa pumzi,
nikaanza kumtajia bei za mahindi,
debe moja, madebe mawili, gunia,
kwa sauti ya mtu asiye na haraka ya kuuza.
Kikatupitia. Mchanga machoni, mchanga kwenye meno.
Alitetemeka kutoka ayali hadi mkia
ila kwato hazikuondoka.
Kisha akakoroma kidogo, akatafuna hewa,
akatanua miguu ya nyuma, akakojoa,
mkojo mrefu wa aliyefika kwake.

Bado hapiti karibu na beseni la bluu.
Sijui beseni lilimkosea nini.
Tunalizunguka.

Jana Mnyukwa alileta mnunuzi kutoka mjini,
viatu vinang'aa, kajifunga leso puani kukwepa vumbi.
"Anakimbia?" akauliza.
Nikasema hilo alizaliwa nalo.
Nikazilaza hatamu shingoni, nikatia mikono mfukoni.
"Mtazame anavyosimama."
Nyuma yetu, maziwa ya Sechelela yaliacha kulia ndani ya ndoo.
Mnunuzi akatazama. Akatazama saa yake. Akatazama tena.
"Sasa," akasema, "mbona hafanyi kitu?"